Mbunge aulize nini kuhusu fedha za jeshi, kambi na askari?

Swali la msomaji: "Nafanya kazi ofisini kwa mbunge aliyepangiwa kamati ya ulinzi mwaka huu. Askari wanatulalamikia kota zinazovuja na mafao yanayochelewa, na kitabu cha bajeti kinaonyesha fungu la ulinzi kama tarakimu chache kubwa zisizoeleza kitu. Tukiuliza tunajibiwa kwamba ni suala la usalama wa taifa, au kwamba Serikali inalifanyia kazi. Tuulize nini, na kwa namna gani, ili tujibiwe?"

Jibu:

Ndugu, anzeni na uandishi wa swali lenyewe, maana maswali mengi ya ulinzi hufia kwenye karatasi kabla hayajafika mezani kwa waziri. Chukua hili: "Je, Serikali ina mpango gani wa kuboresha makazi ya askari?" Jibu lake unalijua hata kabla waziri hajasimama. Mpango upo, utatekelezwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyepata kitu.

Sasa liandike hivi: "Hadi tarehe 30 Juni, nyumba ngapi za familia za askari zilikuwa na wakazi, ngapi zilikuwa tupu, na kati ya hizo tupu ni ngapi zimekaa zaidi ya miezi 12 bila mtu kwa sababu hazikaliki?" Waziri anabaki na njia mbili: atoe tarakimu, au akiri kwamba wizara haina orodha. Hilo la pili nalo ni jibu, tena zito, kwa sababu ofisi isiyojua ina nyumba ngapi mbovu haiwezi kueleza iliwezaje kukadiria fedha za ukarabati.

Swali la aina hiyo lina kitu kinachohesabika, lina tarehe, lina mgawanyo unaoutaka (kwa kambi, kwa cheo, kwa mwaka) na lina ukubwa unaojibika. Hilo la ukubwa husahaulika sana. Uingereza, waziri anaweza kukataa swali la maandishi ikiwa kulitafutia jibu kutagharimu zaidi ya pauni 850, na serikali kuu inaweza kukataa ombi la taarifa linalopita pauni 600, ambazo huhesabiwa kama saa 24 za kazi. Hata pale ambapo kikomo hakikuandikwa, ofisa aliyeletewa ombi la "mikataba yote ya miaka kumi" atapata sababu ya kulirudisha. Omba mitano mikubwa ya mwaka mmoja. Mwaka ujao omba tena, kwa maneno yale yale, ili tarakimu ziweze kulinganishwa.

Halafu kuna jambo ambalo ningependa mheshimiwa wako alishike kuliko mengine yote: asitosheke na hesabu moja. Kila eneo la ulinzi lina angalau watu wawili wanaohesabu kitu kile kile kwa sababu tofauti, na mara nyingi hawazungumzi. Mlipa mishahara anahesabu askari, mgavi wa chakula naye anawahesabu. Nchi inayonunua silaha ina rekodi, inayouza ina yake. Kazi ya kamati ni kuziweka hesabu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja.

Kuhusu siri. Siri za kweli za jeshi zipo na zinastahili heshima: mipango ya operesheni, vikosi viko wapi wakati wa mapigano, uwezo na udhaifu wa silaha, mawasiliano ya siri, majina ya watoa habari. Lakini Misingi ya Tshwane ya mwaka 2013, iliyoandaliwa na wataalamu wa kimataifa kuhusu usalama wa taifa na haki ya kupata habari, inaweka wazi kwamba bajeti ya ulinzi na mafungu yake makuu, hesabu za mwisho wa mwaka, kanuni za manunuzi na ripoti za mkaguzi mkuu ni mambo ya kutangazwa. Haina nguvu ya sheria, lakini ni kipimo kizuri cha kuweka mezani. Bei ya rada haimwambii adui inaona umbali gani.

Kwa hiyo mkiambiwa "usalama wa taifa", msikasirike na msinyamaze. Rudisheni maswali matatu kwa maandishi: ni kifungu kipi cha sheria kinachozuia, ni madhara gani mahususi yatatokea tarakimu hiyo ikitajwa, na je, inaweza kutolewa kwa kamati katika kikao cha faragha? Madai mengi ya siri hulegea kwenye swali la pili. La tatu linamnyima waziri kisingizio kwamba kamati haiaminiki. Jihadharini tu na mtego wa faragha: mkisikia jambo humo ndani, mnafungwa kulisema nje hata kama lingepatikana kwingine. Tafuteni kwanza kilicho wazi, ndipo muingie faraghani kwa kilichobaki.

Na kilicho wazi ni kingi kuliko watu wanavyodhani. Tangu miaka ya 1990 mwanzoni, Umoja wa Mataifa una rejista ya silaha ambamo nchi zinazouza na zinazonunua huripoti vifaru, magari ya deraya, mizinga mikubwa, ndege na helikopta za kivita, meli na makombora. Kuripoti ni kwa hiari, lakini wauzaji wengi wakubwa huripoti. Inatokea nchi inayonunua ikaita ununuzi fulani siri huku muuzaji amekwisha kuuchapisha, idadi na mwaka. Mheshimiwa akiingia kikaoni na karatasi hiyo mkononi, mjadala wa siri huisha haraka.

Tuje kwenye fedha. Kitabu cha bajeti kinakupa tarakimu moja, nayo ni ile iliyoidhinishwa. Unahitaji nyingine tatu: hazina ilitoa kiasi gani, wizara ilitumia kiasi gani, na madeni ya wazabuni yalikuwa kiasi gani siku ya kufunga mwaka. Wizara inaweza kuonekana imetumia asilimia 100 ya fungu lake huku ikiwa na rundo la hati za madai ya chakula na mafuta ambazo hazijalipwa. Hilo deni litalipwa na bajeti ijayo, na kitakachokatwa ili kulilipa ni matengenezo, kwa sababu bomba linalovuja halipigi kelele bungeni. Ombeni orodha ya uhamisho wa fedha kati ya vifungu katikati ya mwaka. Ni karatasi chache, na zinaeleza vipaumbele kuliko hotuba nzima ya waziri.

Kama nchi yenu inapeleka askari kwenye misheni za Umoja wa Mataifa, kuna pato ambalo kamati nyingi hazilifuatilii. Umoja wa Mataifa hulipa serikali, si askari, kiwango maalumu kwa kila mwanajeshi kwa mwezi. Kuanzia Julai 2022 kiwango hicho kilikuwa dola 1,448, na vifaa vya kikosi hulipiwa kando. Serikali ndiyo inayoamua askari apate kiasi gani. Ulizeni: zilipokelewa kiasi gani mwaka huu, ziliingia akaunti ipi, na posho ya askari ilikuwa kiasi gani kwa mwezi? Hapa hesabu mbili ni rahisi kupatikana, kwa kuwa mlipaji yuko nje ya nchi na viwango vyake viko wazi.

Katika manunuzi, msipoteze muda kubishana kama silaha fulani ilihitajika. Ombeni nyaraka za hatua tano: nani aliandika mahitaji, wazabuni walikuwa wangapi, wakala alilipwa nini, malipo ya awali yalikuwa asilimia ngapi na yalilindwa na dhamana ya benki ipi, na nani alitia saini hati ya mapokezi baada ya kukagua mzigo wapi.

Rada ambayo Tanzania iliinunua BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28 inaonyesha uzito wa hatua mbili kati ya hizo. Kwenye mahitaji, ilisemwa ni kwa usalama wa anga ya kiraia, lakini tathmini ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ilisema kwa kazi hiyo ilikuwa ghali mno na haikutosheleza. Kwenye wakala, kampuni hiyo ilikiri mahakamani London mwezi Desemba 2010 kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu ipasavyo kuhusu malipo yaliyokwenda kwa mshauri wake wa masoko nchini Tanzania, zaidi ya dola milioni 12. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na ikalipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, fedha zilizoelekezwa kwenye elimu. Zingatia palipofumuliwa: kwenye vitabu vya muuzaji.

Malipo ya awali na mapokezi yana mifano yake. Meli ya jeshi la maji la Kenya, Jasiri, iliagizwa Hispania mwaka 2003 na ikafika Kenya mwaka 2012 baada ya mvutano mrefu wa mkataba. Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 ilinunua helikopta za Mi-24 zilizokwisha kutumika, zikafika zikiwa hazifai kuruka, hadi ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Julia Sebutinde. Mkaguzi huru akitangulia kuona mzigo kabla ya malipo makubwa, hasara ya namna hii hukamatwa mapema. Ujerumani imejiwekea kizuizi kingine cha kuigwa: mkataba wowote wa ulinzi unaozidi euro milioni 25 lazima upite kwanza kwenye kamati ya bajeti ya bunge. Mnaweza kupendekeza kikomo chenu.

Watu. Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea bila risiti, na ndipo askari wa chini huumia zaidi. Novemba 2014 waziri mkuu wa Iraki, Haider al-Abadi, aliliambia bunge lake kwamba uchunguzi ulikuta majina hewa 50,000 kwenye divisheni nne tu. Mbinu yenyewe ni kongwe na nyepesi. Kamanda anapeleka orodha ya kikosi, anapokea fedha kwa ajili ya wote, na aliyekufa, aliyetoroka au aliyekubali kukaa nyumbani kwa nusu mshahara anabaki kwenye orodha. Hasara inapita fedha, kwa maana siku ya vita, makao makuu yanapanga ulinzi wa mji kwa askari ambao hawapo.

Dawa yake ilionekana Kongo ya Kidemokrasia. Kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa ujumbe wa Umoja wa Ulaya, njia ya fedha ilianza kutenganishwa na njia ya amri: askari walihesabiwa mmoja mmoja, wakapigwa alama za vidole na kupewa vitambulisho, na mshahara ukaacha kupitia mikononi mwa kamanda. Baadaye benki ziliingia. Benki nayo haimalizi tatizo. Ikiwa tawi liko siku mbili za safari kutoka kambini, kadi za askari zitakusanywa na mtu mmoja "ili kuwarahisishia", na njia ya amri itakuwa imeirudia njia ya fedha kwa mlango wa nyuma.

Hivyo ulizeni hesabu tatu kwa tarehe moja: nafasi zilizoidhinishwa, majina yaliyolipwa, na vichwa vilivyohakikiwa ana kwa ana. Ulizeni uhakiki wa mwisho ulifanywa lini, na nani kutoka nje ya mnyororo wa amri alikuwepo, na majina mangapi yalifutwa. Kisha pitieni upande wa jikoni na ghala la mavazi. Tuseme kikosi kimelipwa mishahara ya watu 800, kimechukua posho ya chakula cha watu 790, lakini unga na maharagwe yaliyopokelewa kwa vipimo rasmi yanatosha watu 610, na jozi za buti zilizotolewa mwaka huo ni 595. Orodha ya malipo mtu huiandika akiwa mezani. Buti lazima zipate mguu. Tofauti kama hiyo haithibitishi wizi, kwani wengine wanaweza kuwa masomoni, hospitalini au likizo. Inakupa kikosi cha kwenda kukikagua, na sababu unayoweza kuitetea.

Kwenye mafao, msiulize wastani wa siku za kusubiri. Faili nyingi nyepesi zinazolipwa ndani ya wiki huuvuta wastani hadi upendeze. Ulizeni faili ngapi zilizofunguliwa zaidi ya siku 180 zilizopita bado hazijalipwa, na kila moja imekwama kwa sababu gani. Mara nyingi mtakuta sababu ni moja, tena ya kurekebishika: fomu ya warithi ilijazwa siku ya kuajiriwa, kabla askari hajaoa na kuzaa, na haikuguswa tena. Mjane anafika na watoto ambao karatasi haiwajui. Kuhuisha fomu hiyo kila mwaka, kabla ya kupanda ndege kwenda misheni hasa, kunagharimu karatasi na nusu saa.

Ulizeni pia kama askari anaweza kulalamika nje ya mnyororo wa amri. Ujerumani ina kamishna wa bunge kwa masuala ya majeshi, aliyewekwa kwenye katiba mwaka 1956, ambaye askari yeyote humwandikia moja kwa moja na ambaye hulipelekea bunge ripoti kila mwaka. Afrika Kusini ina ofisi yake ya malalamiko ya wanajeshi chini ya sheria ya mwaka 2012. Kama kwenu hakuna, kamati yenu ndiyo inayobeba mzigo huo, iwe imepangiwa au haikupangiwa.

Makazi yana mafunzo mawili ya gharama kubwa. Mwaka 1996 Uingereza iliuza zaidi ya nyumba 57,000 za familia za wanajeshi kwa kampuni ya Annington kwa karibu pauni bilioni 1.7, ikazipanga hizo hizo, na wajibu wa matengenezo ukabaki kwa serikali. Bei za nyumba zikapanda, faida ikaenda kwa mwenye nyumba, na bomba bovu likabaki la wizara. Januari 2025 serikali ilizinunua tena nyumba 36,347 kwa karibu pauni bilioni 6. Mkiletewa pendekezo la kuuza kota kisha kuzipanga, ombeni makadirio ya gharama ya miaka 25, siyo fedha zitakazoingia mwaka wa kwanza.

Fundisho la pili ni la Marekani, na linahusu nani anapima kazi. Makandarasi wa nyumba za wanajeshi hupewa bonasi kwa kutimiza malengo, mojawapo likiwa kasi ya kushughulikia maombi ya matengenezo. Balfour Beatty Communities ilikiri kosa la ulaghai mwezi Desemba 2021, ikalipa zaidi ya dola milioni 65, kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa wakibadilisha rekodi za matengenezo ili bonasi zipatikane. Kwenye kompyuta, bomba lilikuwa limetengenezwa. Ukutani, ukungu ulikuwa unaendelea kupanda. Tafuteni basi hesabu ya pili: maombi mangapi yalifungwa, na kati ya hayo mangapi yalifunguliwa tena kwa nyumba ile ile na tatizo lile lile ndani ya siku 30? Mkandarasi akiwa ndiye anayefunga ombi bila saini ya mkazi, tarakimu zake zisibebe malipo.

Kisha kuna maghala ya risasi na mabomu, ambayo kamati husahau mpaka siku yanapolipuka. Mbagala mwezi Aprili 2009 na Gongo la Mboto mwezi Februari 2011, yote Dar es Salaam. Brazzaville mwezi Machi 2012, ambako walikufa zaidi ya watu 200. Bata, Guinea ya Ikweta, mwezi Machi 2021, zaidi ya 100. Baruti huzeeka. Ndani yake huwekwa kemikali ya kuituliza, na kemikali hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, haraka zaidi kwenye joto. Ikiisha, baruti inaweza kujipasha moto yenyewe hadi iwake, bila adui wala kiberiti. Kwa hiyo lazima ipimwe kwa ratiba.

Umbali nao una hesabu yake. Fomula inayotumika sana kwa nyumba za watu ni 22.2 mara kipeuo cha tatu cha uzito wa vilipuzi kwa kilo. Ghala la kilo 64,000: kipeuo cha tatu ni 40, hivyo umbali ni takriban mita 888. Sasa jiulize, mji umesogea kiasi gani tangu ghala lijengwe? Ulizeni wizara: maghala mangapi yana makazi ndani ya umbali uliopendekezwa, kipimo cha mwisho cha uthabiti wa baruti kilifanywa mwezi gani, na tani ngapi zinasubiri kuteketezwa? Hakuna haja ya kutaja ghala liko wapi. Wanaolala jirani nalo wanapajua.

Ripoti ya mkaguzi mkuu isomwe kuanzia nyuma, kwenye jedwali la hoja za miaka iliyopita. Wizara ya ulinzi ya Marekani ilikaguliwa nzima kwa mara ya kwanza mwaka 2018 na haikupata hati safi. Kwa miaka iliyofuata, matokeo yakawa yale yale, na moja ya sababu ni mali isiyolingana na vitabu. Kukosa hati mwaka mmoja kunaelezeka. Hoja ile ile ikijirudia mara tatu, mwiteni afisa masuuli na mwambieni aje na jina la mtu aliyepewa kazi ya kuifunga, pamoja na tarehe.

Bado kuna askari waliowatumia malalamiko. Msiulize swali ambalo mtu mmoja tu angeweza kuwapa habari yake. Picha ya dari iliyoporomoka ina saa, mahali na aina ya simu ndani ya faili lake, isiambatishwe popote. Kama kota inayovuja iko kambi moja, ulizeni kambi tano kwa swali moja, na iliyolalamikiwa isiwe ya kwanza kwenye orodha. Subirini wiki chache kati ya kupokea malalamiko na kuwasilisha swali. Na kamati ikienda kukagua, iombe kuonyeshwa nyumba kumi kwa namba zilizochaguliwa na kamati yenyewe asubuhi hiyo hiyo, langoni.